Njia Nyembamba, Roho Kunjufu: Vidokezo 15 kwa Anayetoka Kisangani kwa Barabara

Fungua ramani ya Kongo uitazame RN4. Ni mstari mnene wenye heshima zake: unaanzia Ndu, ng'ambo ya mto kutoka Bangassou ya Afrika ya Kati, unashuka Bondo, Buta na Banalia, unaingia Kisangani, kisha unageukia mashariki kupitia Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda mpaka Beni na Kasindi, mpakani mwa Uganda. Barabara ya taifa, tena yenye nambari! Sasa toka mjini, upite uwanja wa ndege wa Bangboka, uendelee mbele. Lami inakuaga. Msitu unasogea kulia, unasogea kushoto, na baada ya muda unajikuta kwenye njia ya gari moja, majani yakipangusa vioo vya pande zote mbili.

Usikate tamaa, njia hiyo hupitika. Kila siku watu wa jimbo letu la Tshopo huipita na mchele, mihogo na mawese, kwa lori, kwa pikipiki, kwa baiskeli, kwa miguu. Wala si Kongo pekee yenye barabara kuu za namna hii. Japani, nchi ya treni za kasi, ina barabara ya taifa nambari 308 kati ya Osaka na Nara ambayo kwenye mpito wa Kuragari ni kijia chenye mteremko mkali kilichotandazwa mawe, gari moja kwa shida. Wenyeji wa njia nyembamba duniani kote wana ujuzi wao. Huu hapa wa kwetu, uusome upesi kabla dereva hajawasha gari.

1. Hesabu saa, achana na kilomita

Kisangani hadi Buta ni kama kilomita 320. Kwenye lami nzuri ungekunywa chai ya asubuhi huku ukala chakula cha mchana kule. Kwenye udongo, mvua ndiyo mwenye ratiba. Kwa hiyo swali la "ni mbali kiasi gani?" halikusaidii kitu. Nenda pale malori yanapoegesha, mtafute shofere aliyeingia mjini leo, msalimie vizuri ("Papa, pole na safari"), halafu muulize mambo matatu: uliondoka huko saa ngapi? Mvua imenyesha wapi? Kuna gari limekwama sehemu gani? Hayo matatu yatakupa picha kamili kuliko ramani yoyote. Habari za juzi zimeshachacha, na za wiki iliyopita usizitafute kabisa.

2. Chagua mwezi, kisha chagua saa

Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, na mvua hapa haina likizo ndefu. Hata hivyo Januari na Februari hupungua, na ndiyo miezi ambayo wafanyabiashara wazoefu huitumia kusogeza mizigo mizito. Kuanzia Septemba hadi Novemba ni mambo mengine. Kama unasafiri kwa ajili ya harusi na inaweza kupangwa upya, ipange upya. Haiwezi? Basi chagua saa. Ondoka kukipambazuka, saa kumi na mbili asubuhi. Mvua kubwa za huku hupenda mchana na jioni, hivyo asubuhi hukupa saa kadhaa za udongo uliopumzika. Na jua likizama, simama. Gizani hakuna anayejua kina cha dimbwi.

3. Jifunze kusema PK

Kwenye barabara zetu anwani ni PK, yaani umbali kwa kilomita kutoka mjini. Soko fulani liko PK 23, daraja fulani PK nyingine. Ukianza safari, andika kwenye karatasi PK za vijiji vikubwa utakavyopita, au mwombe dereva akutajie. Kwa nini? Kwa sababu simu hushika mtandao mahali na mahali, na unapopata mnara dakika mbili hutaki kuanza kueleza "tuko karibu na mti mkubwa". Unatuma ujumbe mfupi: "PK 87, tumesimama, salama." Aliyeko nyumbani anaelewa, na fundi akitakiwa anajua pa kuja.

4. Kariri nani ampishe nani

Magari mawili yanakutana uso kwa uso, na njia ni ya moja. Hapo ndipo watu hupoteza nusu saa wakitunishiana misuli, abiria nao wakishangilia kama uwanjani. Ya nini? Jibu lilikwisha kuandikwa 1968 kwenye Mkataba wa Vienna wa usalama wa barabarani, na linakaa kichwani kwa urahisi.

Mlimani, anayeshuka husogea pembeni ampishe anayepanda, maana lori lililosimama katikati ya mpando wenye utelezi huenda lisiondoke tena. Kama hakuna pa kusogea na ni lazima mmoja arudi nyuma, gari jepesi hurudi nyuma kulipisha zito, lori hulipisha basi, na lenye trela hupishwa na wote. Magari yakiwa ya aina moja, anayeshuka ndiye anayerudi, isipokuwa ikionekana wazi kwamba kwa anayepanda ni rahisi zaidi, tuseme ana nafasi ya kupishania hatua chache nyuma yake. Basi. Hakuna kipengele kinachosema "mwenye honi kubwa".

Ujanja wa kuongeza ni huu: endesha ukiweka akiba ya nafasi kichwani. Kila ukipita mahali palipopanuka, kama vile uwanja wa kijiji, mdomo wa njia ya wakata mbao au shimo la zamani la kuchota changarawe, jiambie "ipo nyuma yangu, mita mia mbili". Kule Scotland, kwenye nyanda za juu, barabara nyembamba zimewekewa sehemu za kupishania zenye vibao vyake. Kwetu kibao ni kumbukumbu yako, na ukiwa na msaidizi kwenye gari, mpe kazi hiyo yeye.

5. Mwenye injini ndiye ampishe asiye nayo

Hiki ningependa kila mtu akisome mara mbili. Baiskeli ni lori halisi la Tshopo. Kisangani ni mji wa toleka, ile teksi ya baiskeli iliyobeba wanafunzi, akina mama na magunia yao miaka ambayo magari yalikuwa yametoweka, na nje ya mji baiskeli hiyohiyo husukumwa siku nyingi ikiwa imefungwa madumu ya mawese, makaa au mihogo. Mtazame anayeisukuma. Ameinama, mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeshika fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti. Hawezi kusimama ghafla. Akiingia pembeni kwenye udongo laini, mzigo unamwangukia, na kuuinua tena anahitaji watu.

Wewe mwenye injini unapunguza mwendo kwa kukanyaga tu. Kwa hiyo ukimwona, punguza mapema na usubiri afike penye udongo mgumu. Akisimama mwenyewe, mpite polepole bila kumrushia matope, na umshukuru kwa mkono. Inachukua chini ya dakika moja. Huyo ndiye anayeleta mafuta ya chakula chako, na barabara hii ni yake kwa haki ileile kama yako.

Unasafiri kwa pikipiki? Funga mzigo usizidi upana wa usukani. Kwenye njia iliyobanwa na vichaka, begi lililotoka pembeni hudakwa na tawi, na linaloanguka si begi peke yake.

6. Kona: honi mbili, muziki chini

Kona ya msituni haina dirisha. Majani yamejaa mpaka kwenye ukingo. Piga honi fupi mara mbili kabla ya kuingia, zima redio, fungua kioo, usikilize. Lori lenye mzigo husikika mapema kuliko linavyoonekana. Mbuzi hawasikii honi ya mtu yeyote, hao uwasubiri.

Halafu kuna jambo la usukani. Kongo tunaendesha kulia, Uganda, Kenya na Tanzania kushoto, na magari mengi yanayoingia kwa Kasindi yana usukani upande wa kulia. Ukiendesha gari la namna hiyo huku kwetu, una faida moja na hasara moja. Faida: umekaa juu ya ukingo wako, unaona vizuri gurudumu lako liko umbali gani na mtaro, jambo la thamani sana mnapopishana kwa kubanana. Hasara: ukitaka kumpita aliye mbele huoni chochote mpaka gari zima limeshatoka nje. Dawa yake ni rahisi. Mpe aliyekaa kiti cha kushoto kazi ya kuwa jicho lako, mkubaliane maneno mawili tu, "bado" na "pita". Asiposema "pita", ubaki ulipo.

7. Shuka, tembea, ndipo upite

Umefika kwenye shimo la matope lenye urefu wa basi. Ukimtazama dereva mgeni, anakanyaga mafuta na kuomba Mungu. Dereva mzoefu anazima gari, anavua viatu, anakata fimbo ndefu na kuingia mwenyewe. Anapima: chini kuna mawe au uji? Gogo limelala upande gani? Magurudumu ya mwenzake yalipita wapi, na je, yalitoka? Anarudi akiwa na njia kichwani, anawashusha abiria ili gari liwe jepesi, anaweka gia ya nguvu na kupita kwa mwendo mmoja bila kubadilisha katikati. Kutembea kwa dakika kumi kumemwokolea usiku mzima. Nawe abiria, ukiambiwa ushuke, shuka kwa furaha. Unaisaidia safari yako kwa miguu yako.

8. Milimani, shuka kwa gia uliyopandia

Kisangani iko kwenye bonde la mto, kama mita 400 tu juu ya bahari. Ukielekea mashariki nchi inapanda, na ukipita Beni na kuendelea kusini kwa RN2 unakutana na mlima wenyewe. Mteremko wa Kabasha, unaoshuka kutoka upande wa Kanyabayonga kwenda bonde la Rwindi, unajulikana na kila shofere wa Kivu. Vivyo hivyo miteremko ya Ngomo kati ya Bukavu na Kamanyola kwenye RN5: ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na kati yao njia ya kujibana.

Siri ya wazee wa malori ni moja: gia uliyohitaji kuupanda mlima ndiyo hiyohiyo ya kuushukia. Iingize ukiwa bado juu, kwenye tambarare. Injini ikushikilie, breki uziguse kidogo na kuziachia. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali salama usimame, uziache zipoe zenyewe.

9. Bariyeri ya mvua ni rafiki yako

Mvua imekatika, jua limetoka, na bado ile miti ya bariyeri imelazwa kukatiza barabara huku mlinzi akisema "subirini". Najua hasira inavyopanda. Lakini sikiliza kinachotokea chini. Barabara nzuri ya udongo huwa imeinuka katikati, mgongo wake ukiwa kama mtumbwi uliopinduliwa, ili maji yateleze kwenda kwenye mitaro ya pande mbili. Ukipitisha lori la tani thelathini juu yake ikiwa imelowa, magurudumu yanachimba mifereji miwili. Mvua ifuatayo haitelezi tena; inakaa humo. Lori la pili linazamisha zaidi, la tatu linakwama, na linapokwama kwenye njia ya gari moja, kila mtu amekwama, mgonjwa na bibi harusi wote pamoja.

Kwa hiyo saa chache za kusubiri ni siku ambazo mwingine hatalala porini. Zitumie vizuri. Penye bariyeri kuna mama anayepika. Agiza lituma ya moto na samaki, kula taratibu, pata habari za mbele. Na tafadhali usimpe mlinzi chochote ili akufungulie. Unanunua shimo utakalolala ndani yake ukirudi.

10. Mfuko wa njia nyembamba

Haraka haraka: koleo, panga, kamba nene au mnyororo, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, jeki na kipande cha ubao mpana cha kuikalishia (bila hicho jeki inazama na gari linabaki), pampu, tochi, turubai, maji ya kunywa ya siku mbili na chakula kisichooza. Kwanga hukaa vizuri njiani, karanga pia. Panga ni la muhimu kuliko unavyodhani: mti ukianguka kwenye njia nyembamba hakuna pa kuuzungukia, unakatwa hapohapo. Na dawa zako za kila siku zikae kwenye begi la mkononi, zisipande juu ya mzigo.

11. Kivukoni, fika mapema na ushuke

Ukielekea Buta, Banalia utakutana na mto Aruwimi na baki, kivuko cha magari. Hapo barabara ya taifa inapungua kuliko mahali popote: upana wake ni upana wa chombo. Panga kufika asubuhi, kwa sababu foleni ikishakuwa ndefu huna la kufanya. Abiria wote washuke kabla gari halijapanda, watoto washikwe mikono, gari liingizwe gia na kuwekewa magogo mbele na nyuma ya magurudumu.

Madaraja nayo ni ya gari moja moja. Kwenye daraja la mbao, tembea kwanza uone kama kuna ubao uliolegea au uliochukuliwa. Mwenzako akiwa juu ya daraja, wewe subiri nchi kavu hata kama unaona "litatubeba wote".

12. Epulu: mpishe okapi

Kati ya Nia-Nia na Mambasa RN4 inapita ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa 1992 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO 1996. Ni zaidi ya kilomita za mraba 13,000 za msitu wa Ituri. Okapi porini haishi popote duniani isipokuwa Kongo, na barabara hii inakatiza makazi yake. Ndiyo maana walinzi wa hifadhi hufunga njia usiku. Panga safari ufike kijiji cha Epulu mchana, au ukubali kulala. Usinunue nyama ya porini njiani, usibebe hata mzigo wa "ndugu" ambao hujaufungua ukaona kilichomo. Punguza mwendo, tazama mto Epulu ukiuvuka. Ni pazuri mno, na watoto wako wanastahili kupakuta hivyohivyo.

13. Noti ndogo, karatasi zote

Weka bahasha moja yenye karatasi za gari, leseni, bima na risiti zote za safari. Peyaji (ada ya barabara) halali ina risiti: FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, uliundwa 2008 ili ada hizo na tozo ya mafuta zirudi barabarani, na risiti ndiyo ushahidi wako kwamba umechangia. Iombe kwa adabu, subiri uipate, itunze mpaka mwisho. Ukienda na noti kubwa peke yake umejitafutia mjadala mrefu.

Kuna pia vijana wa koleo, wale wanaojaza shimo na kusukuma magari. Patana nao bei kabla hawajaanza kazi, na kazi ikiwa nzuri lipa yote mliyokubaliana, kwa mkono na kwa shukrani. Ni kazi ngumu ya kukaa kwenye matope tangu asubuhi.

14. Uliza amani kabla ya kuuliza nauli

Hiki ni kifupi na hakina mzaha. Kipande cha Komanda hadi Luna kwenye RN4 kilianza kupitwa kwa msafara wa ulinzi wa jeshi 2021, kutokana na mashambulizi dhidi ya magari. Ng'ambo ya mto Kongo kutoka Kisangani, kuelekea Ubundu na Opala, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliozuka 2023 umewatoa watu wengi vijijini mwao. Kabla ya kukata tiketi, uliza kwenye kituo, uliza kanisani au msikitini, uliza ndugu walioko huko huko. Wakikwambia ahirisha, ahirisha. Mzigo utapata siku nyingine.

15. Unayeishi kando ya njia, wewe ndiye mwenye barabara

Kidokezo cha mwisho ni cha yule ambaye hasafiri leo. Barabara ya msituni huuawa na vitu viwili, maji yaliyokosa pa kwenda na kivuli kisichoruhusu jua kuukausha udongo. Vyote viwili vinatibika kwa jembe na panga. Office des Routes, shirika la serikali lililoundwa 1971, lina zaidi ya kilomita 58,000 za barabara mikononi mwake, nyingi mno za udongo; greda likifika kwenu leo, huenda mtoto wako akamaliza shule kabla halijarudi. Mradi wa Pro-Routes, ulioanza 2008 kwa fedha za Benki ya Dunia na Uingereza, ulifungua upya njia kama ya Kisangani–Buta iliyokuwa imemezwa na msitu. Yaliyofunguliwa kwa mashine hubaki wazi kwa mikono: wale kantonye wanaozibua mitaro na kufyeka kingo, kipande kwa kipande, ndio wanaofanya mchele wa Banalia ufike sokoni Kisangani ukiwa bado na bei nzuri.

Kila tawi linalofyekwa ukingoni huongeza upana bila kuagiza mashine yoyote. Kila mtaro unaozibuliwa huokoa mita nyingi za mgongo wa barabara. Mnaweza kugawana: nyumba hii mpaka ule mwembe, nyumba ile mpaka kwenye kilima. Jumamosi hii ya salongo (kazi ya pamoja), kabla jua halijawa kali, toka na koleo uzibue mtaro ulio mbele ya nyumba yako, kisha mwite jirani aanzie pale ulipoishia.